Mkaguzi wa Mizani

Tsiala hupima mizani za wengine.
Miaka kumi na tisa sokoni Kutaisi
na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba,
kubwa la kilo tano, dogo la gramu moja
ambalo hulishika kwa koleo, si kwa vidole,
maana jasho la kidole nalo lina uzito.

Muuza jibini akifoka, "Yangu haidanganyi kamwe!"
yeye huweka jiwe, hungoja sindano itulie,
husema, "Gramu nne zimezidi. Leo."
Hiyo "leo" huitamka taratibu
kama anayemfunga mtoto vifungo vya koti.
Kila mizani hukosea kidogo, huwaeleza,
sheria yenyewe inajua, imeacha nafasi:
kuanzia hapa mpaka hapa, bado ni mizani.

Lakini jioni, ghorofa ya nne, lifti imekufa,
mikate miwili kwapani, funguo zimebaki ofisini,
anaegemea mlango wake na kuanza:
Daima nasahau.
Kila ninachoshika huvunjika.
Mama alisema. Lado alisema, akabeba sanduku lake.
Hakuna aliyewahi kukaa, hakuna atakayekaa.
Maneno hayo hayapigi kelele.
Hunyonya tu, kama ruba kwenye maji baridi;
hujui mpaka utoke, uone damu mguuni.

Maharage hayana ladha, na chumvi imo.
Usiku anahesabu makosa kama mdeni,
anaanza na funguo, anafika mwaka wa tisini na nne,
harusi ya dada yake, divai nyekundu, kitambaa cheupe.
Hakuna aliyekuja kumkagua mkaguzi.

Jumatano, mvua.
Zhuzhuna muuza jozi ameangusha mizani yake,
kioo kimepasuka, jozi zimetawanyika matopeni,
naye ameketi juu ya gunia akilia:
"Mimi ni mjinga siku zote! Siku zote!"
Tsiala, kwa mazoea tu ya kazi,
kalamu mkononi, fomu ikilowa, akauliza:
"Zipi?"
Zhuzhuna akanyamaza. Akapangusa pua.
"Jumatatu… Jumatatu niliuza vizuri."
"Basi niandike ngapi?"
Wakatazamana. Hakuna aliyecheka,
ila kitu fulani kilishuka kutoka mabegani mwa wote wawili
na mmoja tu ndiye aliyekuwa analia.

Kwa lugha yangu ningemwonyesha silabi
ndogo kuliko lile jiwe la gramu moja.
Siwezi: mlango umepigiliwa misumari.
Sijaweza: mlango uleule,
ila kuna mtu ngazini anapanda na ufunguo.
Na ile hu- yetu, jamani! Mimi hukosea.
Haina nafsi, haina saa,
inapita juu ya maisha ya mtu kama katapila.
Nilikosea ina li, na li huomba tarehe,
na chenye tarehe kinaweza kupitwa.
(Nami nimekuandika kwa hu- tangu mstari wa kwanza,
Tsiala. Niwie radhi.)

Jioni ile alisahau maziwa jikoni.
Yalifura, yakamwagika, yakaungua,
harufu ikafika hadi kwa jirani.
"Daima mi—" akaanza,
akasimama na kitambaa mkononi,
akaitazama sufuria kama anavyoitazama sindano,
akaingoja itulie.
"Nusu lita," akasema. "Leo."

Saa nane za usiku neno lile lilirudi,
linajua njia, limepanda ngazi hizo miaka mingi.
Lilibisha.
Alilisikia vizuri. Aligeuza mto upande wa baridi,
na hakuharakisha kulifungulia.